Thomas Odhiambo: Mwanasayansi ambaye simu yako haiwezi kumhesabu

Jumapili iliyopita binamu yangu alinitembelea huku Tuala. Kama hujawahi kufika, Tuala ni huku kati ya Rongai na Kitengela, mahali ambapo ukishuka matatu viatu vinabadilika rangi kabla hujafika mlangoni, na ng'ombe wa jirani wana haki ya barabara kuliko boda. Nilikuwa nimepika chapo na maharagwe. Hatukula hadi zikapoa, manake tulikuwa tunabishana juu ya namba.

Binamu anasomea uzamili wa baiolojia ya molekuli. Anatafuta msimamizi wa kumwongoza kwenye utafiti wake, na amebaki na majina mawili ya maprofesa. Alinionyesha kurasa zao kwenye simu. Kila ukurasa una orodha ya makala za utafiti ambazo mtu ameandika, na kando ya kila makala kuna idadi ya mara ambazo watafiti wengine wameitaja. Juu kabisa kuna jumla. Wa kwanza ana maelfu. Wa pili ana mia kadhaa tu. Kwa binamu, kesi ilikuwa imeisha hapo.

Mimi si mtu wa kumcheka. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipogoma, na tangu siku hiyo naandika mtandaoni. Kila asubuhi kabla sijanawa uso naangalia ni wangapi wamesoma nilichoandika jana. Kwa hivyo ugonjwa wetu ni mmoja, tofauti ni hospitali. Lakini kuna jina lilinijia tukiwa kwenye ubishi huo, na nikamwahidi kwamba nitaliandikia. Jina ni Thomas Risley Odhiambo. Umri wako ukiwa kama wangu, labda umelisikia kwa mbali na hukujua ulifuatilie wapi. Nipe dakika chache.

Tuanze na hizo namba zenyewe, ili tusizitukane bila kuzijua.

Mtafiti akigundua kitu, anaandika makala na kuipeleka kwa jarida la kisayansi. Wataalamu wenzake wanaichambua, ikipita inachapishwa. Baadaye mtafiti mwingine akiitumia kazi hiyo, lazima aitaje mwishoni mwa makala yake. Huko kutajwa ndiko kunakohesabiwa. Mmarekani Eugene Garfield, kutoka Philadelphia, ndiye aliyeanza kuuza faharasa kubwa ya nani amemtaja nani, mwaka 1964. Haikuweza kubeba kila jarida duniani, kwa hivyo ilichagua, na mengi yaliyochaguliwa yalikuwa ya Ulaya na Marekani.

Mwaka 2004, mwezi wa Novemba, Google ikaleta Google Scholar, na kuhesabu kukawa bure kwa kila mwenye bando. Mwaka uliofuata, 2005, mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California kule San Diego akatunga kipimo kinachoitwa h. Hesabu yake ni rahisi. Ukiwa na makala 10 na kila moja imetajwa angalau mara 10, h yako ni 10. Ukiwa na makala moja iliyotajwa mara 5,000 na nyingine zote hakuna aliyezigusa, h yako ni 1. Kipimo hiki kinataka uwe na kazi nyingi zinazotumika, si bahati ya siku moja. Ni kipimo chenye akili, usinielewe vibaya.

Sasa angalia tarehe. Odhiambo alifariki Nairobi tarehe 26 Mei 2003. Google Scholar haikuwepo. Kipimo cha h hakikuwepo. Alifanya kazi maisha yake yote bila kuamka asubuhi na kuangalia simu iseme ana thamani gani leo.

Alizaliwa Mombasa tarehe 4 Februari 1931. Baba yake alikuwa karani wa simu za maandishi, zile telegramu za zamani, na kazi hiyo ndiyo iliyoipeleka familia ya Wajaluo Pwani. Kijana akasomea Maseno, shule ya misheni kule Nyanza ambayo hadi leo ikitajwa wazee wanakaa wima. Kutoka hapo akaenda Makerere, Uganda, kwa sababu wakati huo ukitaka elimu ya juu Afrika Mashariki yote, njia ilikuwa inapita Kampala.

Baada ya Makerere hakupanda ndege moja kwa moja. Aliajiriwa na idara ya kilimo ya Uganda kama ofisa msaidizi, akishughulika na wadudu waharibifu wa mimea. Hapa ndipo nilipotulia niliposoma habari zake, kwa sababu zangu binafsi. Alikuwa anakaribia miaka 30 alipopata nafasi ya kwenda Cambridge, Uingereza, na huko hakuanzia juu. Alianza na shahada ya kwanza. Fikiria mtu mzima mwenye kazi, aliyezoea kuheshimiwa shambani, anakaa darasani na vijana wa miaka 18 na 19. Akaendelea hadi uzamifu, akaumaliza mwaka 1965 akiwa na miaka 34.

Mwalimu wake Cambridge alikuwa Vincent Wigglesworth, mtu ambaye ukiuliza fiziolojia ya wadudu duniani kipindi hicho, jina lake lingetajwa kwanza. Wigglesworth ndiye aliyeonyesha, kwa kutumia mdudu mmoja mnyonya damu, jinsi homoni zinavyomwamuru mdudu abaki mchanga au akomae. Odhiambo akachukua maarifa hayo akayaleta kwenye mdudu anayetuhusu sisi: nzige wa jangwani.

Unawakumbuka nzige? Waliingia Kenya kutoka kaskazini mashariki mwishoni mwa Desemba 2019, na mwaka 2020 kila kundi la WhatsApp lilikuwa na video zao. Kama uliangalia vizuri, uliona wengine wana rangi ya waridi na wengine wa manjano. Wale wa waridi walikuwa bado hawajakomaa. Wa manjano walikuwa tayari kuzaa. Kinachowabadilisha hutoka ndani ya kichwa, kwenye vitezi viwili vidogo mno nyuma ya ubongo, vinavyoitwa korpora alata. Vitezi hivyo hutoa homoni ambayo kwa mdudu mchanga humzuia kukomaa, lakini kwa mdudu mzima huwasha mambo ya uzazi.

Odhiambo alikuwa anavitoa. Yaani anamchukua nzige dume, anamweka chini ya darubini, anampasua kichwa na kuondoa vitezi hivyo bila kumuua, halafu anamfuatilia. Madume waliotolewa vitezi hawakukomaa kama wenzao. Mafuta yalijilimbikiza mwilini badala ya kutumika. Na walipungua kutembea na kuruka. Kwa maneno mengine, homoni ileile iliyohusika na uzazi ilihusika pia na jinsi mdudu anavyotumia akiba yake ya nguvu na jinsi anavyohangaika huku na huko. Kwa mdudu ambaye balaa lake lote ni kuhama, hilo si jambo dogo. Mwaka 1966 alichapisha matokeo hayo, makala mbili zikifuatana kwenye jarida la Uingereza la baiolojia ya majaribio, moja kuhusu mafuta na nyingine kuhusu mwendo. Alichapisha nyingine pia kuhusu kukua na kukomaa kwa nzige dume.

Hizo ndizo makala za aina ambayo binamu yangu angeipenda. Ziko wazi, zina vipimo, zina jina moja tu la mwandishi, na watafiti wa homoni za wadudu waliendelea kuzitaja. Kama Odhiambo angebaki Uingereza na kuendelea na mtindo huo miaka 30, leo ungekuwa na ukurasa mnono wa kuonyesha.

Alirudi Nairobi mwaka huohuo wa 1965, kufundisha katika chuo ambacho baadaye kilikuwa Chuo Kikuu cha Nairobi.

Na mwaka 1967 akaandika makala ya tofauti kabisa. Haikuwa na nzige hata mmoja. Ilitoka kwenye jarida la Marekani la Science, mojawapo ya majarida makubwa kabisa duniani, na ilizungumzia sayansi ya Afrika Mashariki na maendeleo. Hoja yake, kwa kifupi: nchi zetu haziwezi kuishi kwa kuagiza majibu ya matatizo yao kutoka nje. Zinahitaji vituo vichache vya utafiti vya kiwango cha juu kabisa, vilivyojengwa hapa, vikifanya kazi ya msingi na siyo kujaribu dawa za watu wengine tu. Na akasema wadudu ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu wadudu ndio wanaokula chakula chetu na kubeba magonjwa yetu.

Ni makala nyingi zinazosema mambo mazuri kisha zinalala kabatini. Hii haikulala. Wanasayansi wa ng'ambo waliisoma, akiwemo Carl Djerassi, mkemia anayejulikana kwa kazi yake kwenye vidonge vya kupanga uzazi, na wakaanza kuongea na Odhiambo namna ya kuifanya kweli. Mwaka 1970 kikazaliwa kituo cha kimataifa cha fiziolojia na ikolojia ya wadudu, ICIPE, na Odhiambo akawa mkurugenzi wake wa kwanza. Mwaka huohuo alikuwa profesa wa entomolojia na mkuu wa kwanza wa kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Nairobi. Usijiulize alikuwa analala saa ngapi.

Kituo kilianza kwa kubanana katika majengo ya muda kwenye kampasi ya Chiromo, pale chini ya Westlands. Ukipita Thika Road leo ukaona kibao cha Duduville pale Kasarani, hapo ndipo kilipohamia baadaye. Ni jina la utani lililogeuka anwani rasmi: mji wa wadudu.

Mpango ulikuwa hivi. Maprofesa wakubwa wa ng'ambo, kama Djerassi, Koji Nakanishi wa Columbia na Jerrold Meinwald wa Cornell, walikuwa wakurugenzi wa utafiti wa kuja na kurudi. Vijana waliomaliza uzamifu ndio waliokaa Nairobi kila siku kufanya kazi. Mdudu anaishi hapa, kwa hivyo maabara iwe hapa. Mkemia mkubwa anataka kumjua mdudu huyo? Karibu, panda ndege uje.

Nikupe mfano mmoja wa kilichotokea. Unaujua mti wa muthiga? Kwa Kimaasai ni osokonoi, na hapa Kajiado ukienda kwa akina mama wanaouza dawa za miti utaupata, magome yake makali kama pilipili. Wazee wanayatia kwenye supu, na wanayatafuna wakiwa na kikohozi. Isao Kubo, akifanya kazi ICIPE pamoja na Nakanishi, aliyachunguza magome hayo akayajaribu kwa viwavijeshi, wale wanaomaliza shamba la mahindi kwa siku mbili. Viwavi walikataa kula. Ndani ya gome wakapata kemikali wakaiita warburganali, kutokana na jina la kisayansi la mti, na mwaka 1976 wakaichapisha. Wakemia wa dunia nzima wakaanza kuhangaika namna ya kuitengeneza maabarani.

Makala hiyo ikitajwa, nani anapata hesabu? Kubo na wenzake, na ni haki yao kabisa. Mtu aliyefanya kuwe na chumba Nairobi cha kuchunguzia gome hilo hapati hata moja.

Sikiza, hapa ndipo mambo yanaanza kunoga.

Mwaka 1980 Odhiambo akaanzisha jarida hapahapa Nairobi, la sayansi ya wadudu na matumizi yake. Bado lipo, siku hizi likiwa jarida la kimataifa la sayansi ya wadudu wa nchi za joto. Kwa nini ujisumbue kuanzisha jarida wakati majarida ya Ulaya yapo? Kwa sababu mtafiti anayesoma mdudu wa mtama wa Busia alikuwa anategemea mhariri wa mbali aone kama mdudu huyo ana maana. Ukimiliki jarida, unaamua mwenyewe swali gani lina maana.

Kwenye juzuu la kwanza la jarida hilo kuna makala kuhusu uzazi wa mbung'o, yule nzi wa malale ambaye wengine wanamwita ndorobo. Inaeleza kifuko ambacho dume hupitishia mbegu kwa jike, kilivyo kikitazamwa kwa darubini ya elektroni. Majina ya waandishi ni mawili. La kwanza ni la Elizabeth Kokwaro. La pili ni la Odhiambo. Mkurugenzi wa kituo, mwanzilishi wa jarida, mtu aliyesoma kwa Wigglesworth, amekaa nyuma, na mwanamke wa Kenya, mtafiti aliyekuwa bado anajenga jina lake, ametangulia. Mpangilio wa majina kwenye makala si mchezo. Binamu yangu anaweza kukusimulia kuhusu watu waliokosana maisha yote kwa sababu hiyo.

Mwaka 1983 likaja jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote. Odhiambo na vyuo vikuu kadhaa vya Afrika walianzisha mpango wa uzamifu wa sayansi ya wadudu, unaoitwa ARPPIS kwa kifupi. Mwanafunzi anasajiliwa na chuo kikuu cha Afrika, anafanya utafiti wake ICIPE kwa vifaa vya ICIPE, na shahada anapewa na chuo chake. Yeye mwenyewe alilazimika kwenda Cambridge kuipata. Aliyefuata hakulazimika.

Na Kajiado? Kaunti yetu imo kwenye hadithi hii, na hatuambiwi.

Ukishuka kutoka huku kwetu kuelekea Magadi, ukavuka ziwa lile la magadi na kuendelea hadi chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, unafika Nguruman. Kule mbung'o walikuwa wanatesa ng'ombe wa Wamaasai kwa nagana, ugonjwa unaomkondesha mnyama hadi anakuwa mifupa inayotembea. Miaka ya 1980 watafiti wa ICIPE walipiga kambi huko wakatengeneza mtego wa bei nafuu. Kitambaa cha buluu na cheusi, chandarua kidogo, chupa ya asetoni, na mkojo wa ng'ombe. Ndiyo, mkojo. Mbung'o hufuata harufu ya mnyama, na rangi ya buluu humvuta. Akiingia hatoki. Mtego ukaitwa NGU, kutokana na jina la Nguruman. Vitu vyote mtu anaweza kuvishona na kuvijaza mwenyewe bila kungoja ndege ya kunyunyizia dawa.

Waliweka mitego 190 hivi kwenye eneo la kilomita mraba 100 hivi. Idadi ya aina moja ya mbung'o, ile iliyosumbua zaidi, ilishuka kwa asilimia 98 hadi 99 ukilinganisha na nje ya eneo la mitego. Si kwamba waliisha. Mvua ikija, nzi walirudi kutoka pembeni na kazi ikaanza tena. Ndiyo maana ilibidi watu wa ranchi ya jamii ya Olkiramatian wahusike wenyewe kuitunza mitego, maana mtafiti anaondoka na ng'ombe anabaki.

Makala za kazi hiyo zilichapishwa na bado zinatajwa na watu wa mbung'o. Majina yaliyotangulia ni Dransfield na Brightwell na wenzao. La Odhiambo halimo.

Umeona tunakoelekea? Nenda Mbita, ukingoni mwa Ziwa Victoria, ambako alijenga kituo cha nyanjani kati ya wakulima na wavuvi. Mwaka 1997 makala kutoka huko ilitokea kwenye Nature, jarida ambalo mwanasayansi akilipenya anawapigia simu wazazi. Zeyaur Khan na wenzake, wakishirikiana na kituo cha Rothamsted cha Uingereza, walionyesha kwamba ukipanda aina fulani ya nyasi yenye harufu kali katikati ya mahindi, harufu hiyo inawafukuza wadudu ambao funza wao hutoboa mabua, na wakati huohuo inawaita nyigu wadogo wanaowaua funza hao. Kutoka kwenye kazi ya aina hiyo ndiyo ukazaliwa mtindo wa sukuma-vuta ambao wakulima wengi wa Magharibi ya Kenya wanautumia. Odhiambo alikuwa ameshaondoka ICIPE tangu 1994. Jina lake halimo kwenye hiyo pia. Limo kwenye lango tu: kituo cha Mbita sasa kinaitwa kampasi ya Thomas Odhiambo.

Nisikudanganye kwamba alikuwa mtu aliyesahauliwa. Mwaka 1985, katika mkutano uliofanyika Trieste, Italia, aliongoza kuundwa kwa Akademia ya Sayansi ya Afrika, akawa rais wake wa kwanza, na makao yake yakawa Nairobi. Mwaka 1987 alipewa Tuzo ya Afrika ya uongozi katika kumaliza njaa, akiigawana na rais wa Senegal, Abdou Diouf. Mwanasayansi wa wadudu na rais wa nchi, jukwaa moja. Mwaka 1991 UNESCO ikampa medali ya dhahabu ya Albert Einstein. Aliandika hata vitabu vya watoto. Alijulikana, tena sana.

Pia nisikudanganye kwamba hakukuwa na gharama. Kituo kama kile kiliishi kwa fedha za wafadhili, na fedha za wafadhili zinaombwa, haziokotwi. Kila saa ya kuandika barua ya kuomba pesa ni saa ambayo hukai kwenye darubini. Yule kijana aliyeweza kutoa vitezi kwenye kichwa cha nzige bila kumuua akawa mtu wa mikutano na viwanja vya ndege. Kwa kipimo cha h, huo ni uamuzi mbaya.

Sasa nakusikia unasema: basi namba ni upuzi, tuachane nazo. Hapana, na hili nilimwambia binamu pia. Odhiambo hakuamka siku moja akaomba dunia impe kituo kwa sababu ana ndoto. Alikuwa na zile makala za 1966. Djerassi na wenzake walikubali kuongea naye kama mwenzao kwa sababu kazi yake ilikuwa imechapishwa, imechambuliwa, na imesimama. Makala ndiyo iliyokuwa kitambulisho chake mlangoni. Mimi niliyeacha chuo ninakwambia hivi bila aibu: hakuna njia ya mkato hapo, na mtu akikuuzia moja, muulize ameijaribu na nani.

Ninachosema ni kwamba ile hesabu ya kwenye simu inaona mtu akiwa mwandishi tu. Haimwoni akiwa mwalimu. Haimwoni akiwa mtu aliyejenga chumba, akaweka darubini, akampa mwingine ufunguo na kumwacha atangulie kwenye makala. Chukua makala zote zilizowahi kutoka Duduville na Mbita na Nguruman tangu 1970, pamoja na za wanafunzi wote wa ARPPIS na za wanafunzi wa wanafunzi hao. Zina majina ya mamia ya watu, na kila mmoja anapata hesabu yake. Hakuna safu kwenye ukurasa wowote inayosema ni nani aliyewafungulia.

Na kuna jambo la mwisho linalonisumbua. Kama sisi vijana tutachagua walimu kwa namba hizo tu, tutawaadhibu hasa watu wa aina ya Odhiambo. Profesa anayekaa jioni kusahihisha andiko la mwanafunzi, anayehangaika friji ya maabara isizimike, anayekubali jina lake liwe la pili, huyo hesabu yake itapanda polepole. Halafu atajifunza. Ataacha kufanya hayo mambo. Nani atamlaumu?

Chapo tulikuja kuzila baridi. Kabla binamu hajapanda matatu ya kurudi, nilimwomba afanye kitu kimoja. Achukue yale majina mawili, awatafute watu waliosimamiwa na kila mmoja wao miaka mitano iliyopita. Wako wapi? Walimaliza? Majina yao yamekaa wapi kwenye makala walizofanyia kazi? Hizo pia ni takwimu, na zinahesabika. Ni kwamba hakuna aliyekuhesabia, itabidi upige simu.

Alinitumia ujumbe juzi usiku. Ameshapiga simu tatu. Yule wa maelfu ana wanafunzi wawili ambao hawajamaliza hadi leo, na mmoja aliyemaliza na anamsifu sana. Yule wa mia kadhaa, bado anamtafutia. Kwa hivyo siwezi kukwambia atamchagua nani, na pengine wa maelfu ndiye atakayemfaa. Lakini angalau sasa anajua anachouliza.

Na wewe, ukipita Kasarani ukaona kile kibao cha Duduville, ujue kuna mtu wa Mombasa, Maseno, Makerere na Cambridge nyuma yake. Mimi kesho asubuhi nitanawa uso kwanza, ndipo niangalie ni wangapi wameisoma hii.